Damu ya Reina

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha boti. Ya pili ikapita karibu na sikio la Idalmis Quiala.

Hakuinama. Aliongeza moto, injini ya Yamaha ikalia, boti ikaruka juu ya mawimbi.

Mbele yake, boti nyeupe ilikimbilia bahari kuu. Ndani walikuwa wanaume wawili na tundu la chuma. Ndani ya tundu, kima jike.

Redio ikakoroma. Kanali Argudín, kutoka Havana.

"Quiala! Zamisha hiyo boti."

"Kima yumo ndani, Kanali."

"Basi mlete hai. Ukimpoteza, baki hukohuko uvue kamba."

Asubuhi ile watu wanne walikuwa wamevamia Cayo Bermejo, kisiwa cha maabara. Waliua walinzi. Kisha wakapita tundu kwa tundu, wakiwamiminia kima risasi. Idalmis alipofika, alimkuta Daktari Nereida Pupo ameketi kwenye damu, vidole vya mkono mmoja vimevunjwa.

"Wamemchukua Reina, mwanangu."

"Kima mmoja tu, daktari?"

"Sikiliza. Chanjo yetu ya vinasaba ilikuwa dhaifu. Mwili uliiona, ukapiga miayo. Tukaichanganya na kichocheo, dawa ya kuiamsha kinga. Halafu tukawapa kima wote virusi, ndugu wa hivi vya UKIMWI. Waliochanjwa bila kichocheo waliugua. Waliopata kichocheo, wazima mpaka leo." Alitazama matundu. "Mpaka asubuhi hii. Amebaki Reina. Bila damu yake, nani ataniamini? Watamuuza nje, waseme kazi ni yao."

Idalmis alikimbilia gatini.

Wavamizi wawili walikuwa wamebaki kulinda njia. Wa kwanza Idalmis alimpiga risasi ya shingo kwa bastola yake, Makarov. Wa pili alimrukia akiwa na panga. Idalmis alimkwepa, akaokota ndoano ya kuvutia boti, akaizamisha mbavuni mwake hadi mtu huyo akaacha kutapatapa.

Sasa, baharini, walibaki wawili.

Mkubwa wao aliitwa Hartog, mtu wa kukodiwa, Kihispania chake kama mtu anayetafuna kokoto. Alinyanyua tundu, akaliweka ukingoni mwa boti.

"Sogea tena, mrembo, nyani wako aende kuogelea!"

Idalmis akazima injini.

"Tupa bastola!"

Makarov ikazama majini.

"Ona, Hartog, nimekuwa mtoto mzuri," Idalmis akasema. "Mpe huyo mama maji, ana kiu."

Hartog akacheka. Akamwashiria dereva wake, naye akageuza boti polepole, Kalashnikov begani, aje ammalizie kwa karibu.

Kosa.

Ubavu wa boti nyeupe ulikuwa wazi mbele yake. Idalmis akawasha injini, akasukuma gia hadi mwisho.

Vyuma vikagongana. Dereva akabanwa katikati ya boti mbili, kifua kikapasuka kwa sauti ya mbao kavu. Tundu likateleza.

Likazama.

Idalmis akaruka.

Chini ya maji alimwona Reina, vidole vimeng'ang'ania vyuma. Aliushika mlango. Mkono ukamkaba shingo kutoka nyuma. Hartog. Kisu kikamchana bega, maji yakawa mekundu. Idalmis alimuuma kifundo cha mkono hadi meno yakagusa mfupa. Kisu kikalegea. Akakidaka, akamchoma chini ya kidevu, akakizungusha.

Hartog akaenda chini.

Mapafu yakiwaka, Idalmis akavunja komeo. Reina akampanda kichwani, akamng'ata sikio kwa woga, na wote wawili wakaibukia juu wakikohoa.

Gatini, Daktari Nereida alimpokea kima kwa mkono mzima, akilia bila aibu. Kisha akaona damu.

"Hilo sikio! Amekung'ata?"

"Kidogo."

"Idalmis! Huyu tulimpa virusi!"

"Si ulisema kinga yake imevishinda?"

"Nilisema." Daktari akamtazama Reina. "Nilisema, na ndivyo ilivyo."

"Basi mimi nimeshakuamini. Chukua damu yangu, tupime, tupime tena. Ukiwaendea wengine, uwe na shahidi wa pili."

Akakunja mkono wa shati lililolowa, akanyoosha mkono. Sindano ilipotoka, akaubandika pamba mwenyewe, akaishika redio.

"Kanali, kima yuko hai."

"Na hao wanne?"

"Hawatamsumbua mtu tena," Idalmis akasema, akatembea kuelekea jikoni kutafuta kahawa.