Posa ya Jumanne

"Huyo Glory anakufundisha hesabu au anakufundisha kupenda?"

Twaha alikuwa anapeleka chipsi mdomoni. Ikaishia njiani.

"We Hafsa, umeanza tena?"

"Sijaanza, nimeuliza. Jana mmeshinda wote maktaba, nakupigia simu hupokei. Leo nakutana naye, kashika kalamu yako. Ile niliyokununulia mimi!"

"Aliazima tu."

"Kwani kalamu zimeisha Korogwe nzima?"

Watu wa meza ya pili wakageuka. Kibanda chenyewe kilikuwa karibu na stendi, na mwenye kibanda alikuwa amepunguza redio makusudi ili asipitwe na neno. Hafsa hakujali. Wivu ukimpanda, Hafsa alikuwa haoni mtu.

Kosa la Glory lilikuwa nini hasa? Kuwa na akili, kuwa mzuri, na kucheka kila Twaha anapofungua mdomo. Basi. Wote watatu walikuwa wamemaliza kidato cha sita mwaka huo, na wote watatu ndio waliobaki kwenye mchujo wa Ufadhili wa Upeo. Mkoa mzima uliomba, wamebaki wao, na nafasi ni moja. Ukiipata unasomeshwa chuo kikuu kuanzia ada mpaka godoro la hosteli. Usaili ulikuwa Alhamisi, hapohapo Korogwe. Hafsa aliutaka ufadhili ule kwa roho yake yote, na alimtaka Twaha vilevile kwa roho yake yote, na kwa macho yake Glory alikuwa anavinyemelea vyote viwili.

"Hafsa," Twaha akashusha sauti, "ukipata wewe ukaenda zako Dar, mimi nikabaki hapa Old Korogwe, utanikumbuka kweli?"

"Maswali gani hayo?"

"Nijibu."

"Nitakukumbuka. We ndo usije ukanisahau kwa hako kasichana kako ka huko Kilole."

Twaha akacheka kidogo, kisha akaangalia pembeni. Jamani, kama Hafsa angemtazama usoni wakati ule! Lakini alikuwa bado anaifikiria ile kalamu.

Jumatatu Hafsa akapanda basi kwenda kwao Handeni, akaombewe dua na wazazi, arudi Jumatano. Jumanne asubuhi akiwa anaosha vyombo uani, akaona wazee wawili wageni wanaingia sebuleni na kanzu zao, mmoja kashika kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Baada ya muda shangazi Mwantumu, dada yake baba, akatoka mbio na meno yote nje.

"Hafsa! Acha hivyo vyombo. Umeletewa posa!"

"Nani kaleta, shangazi?"

"Nani? Unajifanya humjui? Kijana wa Korogwe, Twaha. Mshenga yumo ndani na baba yako. Haya, mwanangu, umekubali au umekataa?"

Hafsa akainamisha kichwa. Povu la sabuni likawa linamdondoka vidoleni. Kimya cha msichana ndiyo jibu, kila mtu nyumbani kwa Mzee Mwinjuma alilijua hilo, na shangazi hakusubiri zaidi. Akapiga kigelegele mpaka kuku wakaruka.

Unajua jambo la kwanza lililomjia Hafsa akilini? Si ndoa. Ni Glory. Akachukua simu, akaandika status: "Wenye wivu wajinyonge, mimi nimeshaposwa." Akakaa anaangalia nani kaiona. Jina la Glory lilipotokea, akatabasamu peke yake.

Tabasamu halikudumu. Jioni baba yake akamwita.

"Hafsa, Ijumaa tunatoa majibu. Mpaka hapo hutoki."

"Lakini baba, Alhamisi nina..."

"Nimesema hutoki. Binti kaletewa posa halafu yuko mabarabarani, watu watasemaje?"

Ndivyo ilivyokuwa kwao. Hata dada yake mkubwa alipoposwa alikaa ndani mpaka majibu yalipotoka, harusi ya rafiki yake ikampita hivihivi. Hafsa akakimbilia chumbani, akampigia Twaha.

"Twaha, umenipa raha halafu umeniua! Baba kanizuia. Alhamisi itakuwaje?"

"Pole, mpenzi wangu. Mheshimu mzee, usibishane naye. Mimi niko huku, nitaongea na mratibu akupangie siku nyingine."

"Atakubali?"

"Niachie mimi. Wewe si wangu sasa?"

Moyo ukatulia. Akalala akijiita mke wa Twaha.

Jumatano mchana simu ikaita. Glory. Hafsa akaikata. Ikaita tena, akaikata tena.

"Kanywe maji ya baridi," akaiambia simu.

Ndipo ujumbe ukaingia:

"Hafsa, najua hunipendi, ila soma. Twaha amemwambia mratibu kuwa umejitoa kwa sababu unaolewa. Jina lako limetolewa. Kama ni kweli, hongera. Kama si kweli, usaili ni kesho saa tatu asubuhi."

Hafsa akasonya. Huyu si ndiye anayemtaka Twaha? Aache kusema uongo kwa nini? Lakini akausoma tena ule ujumbe. Akampigia Twaha.

"Umeongea na mratibu?"

"Nimeongea naye, kakubali kabisa. Wewe wiki ijayo."

"Amesema mwenyewe?"

"Hafsa, huniamini?"

Akakata, akatafuta namba ya mratibu, mama mmoja aitwaye Getruda.

"Shikamoo mama. Ni Hafsa Mwinjuma wa Handeni."

"Marahaba. Oo, bibi harusi! Hongera mwanangu, ingawa tulisikitika ulivyojitoa."

"Sijajitoa, mama."

"Kumbe? Mwenzako alikuja ofisini mwenyewe, kasema umemtuma. Basi kama hujajitoa, kesho uwe hapa kabla hatujaanza. Siku nyingine hakuna, binti. Wanaosaili wanatoka mbali."

Hafsa akakaa kitandani. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Kisa cha dada yake kuzuiwa ndani, nani alimsimulia Twaha? Yeye mwenyewe, mwezi uliopita, wakicheka. Wiki zote zilizopo, kwa nini posa ije Jumanne ya wiki ya usaili? Aliitwa mke ili afungiwe. Machozi yakamtoka ya hasira, na mabaya zaidi, bado alikuwa anampenda.

Akajifuta uso, akatoka uani. Baba yake alikuwa anapukuchua mahindi na shangazi.

"Baba, kesho nakwenda Korogwe."

"Unasema?"

"Nakwenda kwenye usaili. Twaha amewaambia watu nimejitoa, na mimi sijajitoa."

Mzee Mwinjuma akaweka gunzi chini.

"Mshenga alisema mbele yangu kwamba mmekubaliana. Kwamba umemwachia mwenzako hiyo nafasi, asome yeye, wewe uwe mkewe. Nikasema sawa, ni wao wenyewe."

"Nani aliniuliza mimi, baba?"

"Shangazi yako alikuuliza, ukanyamaza!"

"Niliulizwa kuolewa. Shule sikuulizwa na mtu."

Mzee akamtazama dada yake.

"Ulimuuliza habari ya shule?"

"Kaka, mimi niliuliza posa. Hayo mengine hata sikuyajua."

Mzee Mwinjuma hakuwa mtu wa maneno mengi. Akapukuchua hindi moja lote, kisha akasema, "Kesho basi la kwanza. Tunakwenda wote."

Asubuhi ya Alhamisi, Twaha alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ukumbi, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Glory alikuwa benchi la pili. Hafsa alipoingia getini, Twaha akasimama na kumfuata haraka.

"Hafsa! Umefuata nini? Nilikwambia wewe wiki ijayo!"

"Kuna wiki ijayo, Twaha?"

Mama Getruda akatokea mlangoni na miwani yake kichwani.

"Hafsa umefika. Vizuri. Sasa Twaha, nieleze. Uliniambia mwenzako kakutuma."

"Ndiyo mama, alinituma. Labda amebadili mawazo. Wanawake tena..."

"Nani alikutuma, kijana?"

Sauti ilitoka nyuma ya Hafsa. Twaha hakuwa amemwona yule mzee wa kofia. Alipomwona, mikono ikaenda nyuma yenyewe, macho yakaanguka chini, akarudi hatua pembeni kumpisha mkwe wake njia.

"Shikamoo baba."

"Salamu baadaye. Binti yangu alikutuma?"

Angeweza kumdanganya Mama Getruda. Angeweza kumdanganya Hafsa, alishazoea. Lakini kumwambia uongo baba mkwe, ana kwa ana, watu wanasikiliza? Shati lake jeupe likaloa mgongoni.

"Hapana, baba."

"Sikusikia."

"Hakunituma."

Mama Getruda akashusha miwani. "Haya. Hafsa, utaingia wa mwisho, kapumzike kidogo. Twaha, wewe njoo ofisini kwanza."

"Kwa nini, Twaha?" Hafsa akauliza kabla hajaondoka. "Niambie tu kwa nini."

"Nilikuwa na wivu," akasema polepole, bila kuinua macho. "Kila mtu anasema wewe ndiye utakayepata. Ukipata unakwenda kukutana na wanaume huko, mimi nani? Nikasema bora nikuoe kwanza."

"Na mimi niliyekuwa nagombana na Glory kwa ajili ya kalamu!"

Glory akacheka kwa pua, kisha akajizuia. Akamsogezea Hafsa nafasi kwenye benchi. Hafsa akakaa.

Aliingia, akajibu alivyoweza. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri, maswali mawili yakamponyoka, akajua yamemponyoka.

Majibu ya usaili yalipotoka, Twaha hakuwamo kabisa, jina lake lilikuwa limeshafutwa. Hafsa hakuwamo pia. Aliyepata ni Glory.

Hafsa alilia siku hiyo mpaka akashiba. Kisha akampigia.

"Hongera. Ila nisikufiche, nakuonea wivu mpaka tumbo linauma."

"Bora umesema," Glory akacheka. "Mimi nilikuonea wivu mwaka mzima, na hujui."

"Wivu wa nini? Wa Twaha?"

"Twaha wa nini! Alama zako za fizikia."

Wakacheka wote. Glory akamwambia dirisha la mkopo wa serikali bado liko wazi, aombe leoleo, na asipojua pa kuanzia ampigie. Hafsa akaomba jioni ileile, baba yake kakaa pembeni kana kwamba anaelewa ile simu inafanya nini.

Posa ilisharudishwa kwa mshenga Ijumaa ileile, na kitambaa chake. Lakini Twaha hakukata tamaa. Siku chache baada ya majibu akatokea Handeni mwenyewe, kavaa vizuri, sura ya unyenyekevu. Shangazi Mwantumu akamkaribisha kwa nusu mdomo, akabaki palepale mlangoni.

"Hafsa, nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe."

Uso wa Twaha ukachanua.

"Kweli? Mimi nilijua tu. Unaona sasa, yote yameisha. Tumekosa wote wawili, hakuna wa kumkimbia mwenzake. Wazee warudi wiki hiihii. Mimi nakutaka hivyohivyo, Hafsa, hata kama umekosa."

Hafsa akamtazama. Alikuwa bado mzuri, kijana yule. Ile sauti ya chini bado ilimgusa mahali, na aliona aibu kwamba inamgusa.

"Twaha, ningepata mimi, leo ungekuja?"

"Ningekuja, kwa nini nisije?"

"Niangalie usoni unijibu."

Twaha akamwangalia. Kisha macho yakamkimbilia chini.

"Unaona?" Hafsa akasema, machozi yakimlengalenga. "Hunitaki hata kama nimekosa. Unanitaka kwa sababu nimekosa. Shangazi, mgeni anaondoka."