Mwanamke wa Mwavuli wa Karatasi

"Toa hiyo picha, Baba Chepkurui. Leo, si kesho."

"Hiyo ni picha ya Japani, mama. Kericho nzima hakuna nyingine."

"Na mtoto? Kericho nzima tuko na mwingine?"

Noah aliinua macho kuitazama picha ukutani. Rodah alikuwa amechuna majani chai tangu alfajiri, na hata hasira yake ilikuwa imechoka. Aligombana akiwa amekaa, macho yamefungwa, Chepkurui wa miaka minne akikohoa mapajani pake.

Noah alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la chai, Mzungu aliyewahi kuishi Asia. Meneja alipohama mwaka wa tisini na nne, alimwachia picha tisa, zikiwemo milima ya China yenye ukungu, mfalme wa Kihindi juu ya ndovu, na mwanamke wa Kijapani mwenye viatu vya mbao akitembea kwenye mvua na mwavuli wa karatasi. Noah alizitundika zote sebuleni, juu kabisa, na wageni walipokuja aliwaeleza moja moja mpaka chai ikapoa.

Kisha kila saa tisa alasiri, mvua ilipoanza, maji yalijikusanya sakafuni chini ya picha ya yule mwanamke. Mabati hayakuvuja. Sebule ilinuka karatasi iliyolowa. Halafu nywele za Chepkurui zikaanza kulowa, na hakuwa ametoka nje.

"Tunatembea na yeye," mtoto alisema. "Anatafuta nyumba. Miguu inamuuma."

Rodah alimwita jirani yao Nyambeki, mama mzee kutoka Kisii aliyejua dawa na mambo ya majini na mapepo. Nyambeki aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu anaenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Noah alijikuna shingo. "Kulikuwa na nyumba hapo kulia. Haikutoshea kwa fremu ya kalenda, nikaikata na makasi."

"Kipande kiko wapi?"

"Niliwashia jiko."

"Wewe! Umemchomea mtu nyumba na mvua inanyesha?"

"Si tuchome yote?" Rodah alinong'ona.

"Hapana. Ameshamshika mtoto mkono. Ukimchoma, unachoma wawili. Noah, mchoree nyumba nyingine. Aingie, apumzike, amwachilie." Alifunga leso yake na kwenda kabla mvua haijamkuta.

Noah alichora kwa biro kwenye karatasi ya daftari, ulimi nje kama mtoto wa shule, akaibandika kulia mwa picha kwa uji wa unga. Mvua ilipoanza, sakafu ilibaki kavu. Nywele za Chepkurui zilikauka. Aliomba maziwa, akanywa kikombe kizima, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo Rodah akacheka.

"Umeona?" Noah alisema. "Hata hayuko tena kwa picha. Ameingia ndani."

Rodah aliinuka polepole, mtoto mgongoni, akaangalia. Kweli, barabara ilikuwa tupu. Kisha akaiangalia nyumba ambayo mume wake, ambaye hakuwahi kuona nyumba ya Kijapani, alikuwa amechora: paa la mabati, tangi la maji juu ya mawe matatu, miti miwili ya saiprasi na mlango wa mbao wenye ubao mmoja uliopasuka chini, na alipoelewa ni mlango wao wenyewe alikimbia kuusukuma na kutia komeo, na nje, katikati ya kelele za mvua, viatu vya mbao vilikuwa vinapanda njia ya kutoka kwenye majani chai, bila haraka, kama vya mtu aliyechuna siku nzima na sasa anarudi, vikapita tangi, vikapita miti, vikasimama, mwavuli ukafungwa, na Chepkurui akanyoosha mkono kutoka mgongoni kuelekea komeo wakati sauti ya mwanamke, isiyo na hasira, iliyochoka tu, iliposema mlangoni:

"Nimefika kwangu. Mbona mmefunga?"