Bega la Kushoto

Siku walipokutana, Nyundo alikuwa amebeba bampa la gari begani, anapasua umati sokoni kama mtu aliyetumwa na mfalme. Ilikuwa Jumamosi, upande wa vitambaa, ambako hata mwenye mikono mitupu hupita kwa ubavu. Watu wakampisha. Kitambaa cheupe alichokishika dada mmoja hakikupishwa. Ncha ya bampa ikakinasa, kikachanika.

"Wewe mwenye bampa. Simama hapo hapo."

Asingeweza kugeuka mwili mzima bila kuangusha meza za watu, kwa hiyo akageuza shingo tu. Akamwona: gauni la kijani lililomkaa sawasawa, futi kamba imening'inia shingoni, penseli imechomekwa kwenye nywele, na macho yasiyocheka.

"Nimekichana?" akauliza.

"Hapana. Kimechanika chenyewe kwa kukuogopa."

Nyundo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na jina hilo walimpa gerejini kwa sababu mkono wake haukukosea. Yule dada alikuwa fundi cherehani, mwenye duka la chumba kimoja karibu na kituo cha mabasi. Jumatatu Nyundo alimpelekea kitambaa kingine, akatoka ameagiza shati asilolihitaji. Alipopimwa alisimama kama askari. Dada akazungusha futi, akaandika kwenye daftari lake, akarudi nyuma hatua mbili na kumtazama kwa jicho moja.

"Mabega yako hayapishani hata unywele," akasema. "Uliumbwa kwa pimamaji."

"Usinisifu sana, Mama Futi. Nitaomba nipimwe kila siku."

Alikwenda karibu kila siku kweli. Na siku ambazo hakwenda, walipigiana simu. Nyundo alikuwa akibana simu kati ya sikio na bega la kushoto, mikono inaendelea na kazi, na Mama Futi huko dukani anashona huku akisikiliza bati likigongwa. Kabla ya kukata, Mama Futi alikuwa akiomba apigiwe kimoja cha kwake. Nyundo anagonga mara moja, taratibu, kwenye bati lisilo na kasoro. "Hicho chako, laazizi," anasema. Mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Ajali iliyowapata ilikuwa ndogo. Jumapili mchana walikuwa ndani ya gari, Nyundo akiendesha, wamesimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, kina mama wanavuka, pikapu ikaja nyuma na kuwagonga. Vichwa vikaenda mbele, vikarudi. Bampa likapata mchubuko wa kiganja kimoja. Mwenye pikapu akasema mbona hakuna kitu. Nyundo akacheka. Alitoa futi ya chuma, akalala chini ya gari, akapima kona kwa kona, kushoto mbele mpaka kulia nyuma, kisha kinyume chake. Vipimo viwili havikulingana.

"Gari likigongwa nyuma, usiangalie bampa," akamwambia mwenye pikapu. "Bampa linakudanganya. Pima chasisi."

Alikuwa akimwambia hivyo kila mteja, na alikuwa sahihi. Ila fundi huyu, kama kinyozi, hakujinyoa.

Kesho yake Mama Futi aliamka shingo imekauka na kichwa kinauma. Alikwenda hospitali asubuhi hiyo hiyo. Daktari alimpiga picha, akahakikisha mfupa uko salama, akampa kola ya kuvaa siku chache, kisha akampeleka chumba cha mazoezi ya viungo. Huko walimwambia maumivu ya ajali hupenda kuchelewa, mtu hutoka mzima na kuugua siku ya tatu. Wakamwambia pia amlete mwenzake. Kama shingo imekaza na wiki mbili zinapita, asingoje. Kama mkono unakufa ganzi, asingoje hata kesho.

Alimfikishia Nyundo maneno yote. Nyundo akajibu kwamba yeye ananyoosha magari, nani atamnyoosha yeye. Wakacheka.

Alikuwa anaumwa. Tangu Jumanne kulikuwa na kitu kama waya kutoka nyuma ya sikio mpaka begani, na kila siku waya ulikazwa kidogo. Lakini alimtazama mpenzi wake akiwa na kola shingoni, akishindwa kuinamia cherehani, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Angelalamika kwa mdomo gani? Na gerejini fundi mwenye shingo mbovu hapewi kazi, anapewa pole. Akanunua vidonge vya maumivu, akanyamaza.

Mama Futi alipona kwa wiki sita. Nyundo hakupona. Alianza kulala ameketi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa kama vya mtu mwingine. Na bega halikuweza tena kubana simu, kwa hiyo ikilia katikati ya kazi alisema "nitakupigia", akawa hapigi, maana jioni maumivu yalikuwa yamemtoa maneno yote mdomoni.

"Siku hizi sauti yangu inakuchosha?" Mama Futi alimuuliza siku moja.

"Kazi nyingi, mpenzi."

"Nipigie basi kimoja cha kwangu."

Nyundo alikuwa ameshika simu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto haukuwa na nguvu ya kuinua nyundo. Akasema betri inaisha.

Kisha ikaja ile siku ya mbele ya benki. Mama Futi alikuwa na dada yake mkubwa, wamesimama upande wa pili wa barabara. Alimwona Nyundo akipita, akamwita. Nyundo alisikia. Kugeuka kwake wakati huo kulikuwa kazi ya lori kwenye uchochoro: miguu kwanza, kiuno, ndipo kichwa kifuate. Asubuhi hiyo jirani alikuwa amemcheka kwa kugeuka hivyo. Akaona aibu, akasema moyoni atampigia akifika. Akaitwa mara ya pili, na ya tatu. Akaendelea kutembea ameangalia mbele.

Dada mtu alisema neno moja tu, kwamba mwanamume anayekusikia na hageuki ameshageukia kwingine.

Mama Futi alimfuata gerejini siku iliyofuata. Alikuwa amevaa gauni lile lile la kijani. Hakupiga kelele.

"Kuna mtu?" akauliza.

Nyundo akamwambia hakuna mtu.

"Basi kuna nini?"

Hapo ndipo penye kosa lake, na hakuna wa kumsingizia. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa linamuuma pale aliposimama. Akasema, "Hakuna kitu." Mama Futi akaweka ufunguo wa chumba cha Nyundo juu ya tairi bovu na kuondoka.

Ikapita miezi minane.

Mdogo wake Nyundo alipotaka kuoa, aliagiza makoti ya wanaume wote wa familia kwenye duka moja karibu na kituo cha mabasi. Hakujua habari za zamani, au alijua akajifanya hajui. Nyundo alikwenda wa mwisho. Mama Futi alimkaribisha kama anavyomkaribisha mteja yeyote, akamwita kaka, na neno hilo lilimkata Nyundo kuliko tusi. Akafungua daftari la zamani, akasema vipimo anavyo, anahakikisha tu.

Akapima mgongo. Akapima kutoka bega la kulia mpaka kiunoni, kisha la kushoto. Akarudia la kushoto. Akaenda nyuma yake, akaweka viganja viwili juu ya mabega, akaviacha hapo muda ambao mteja haachiwi.

"La kushoto limepanda inchi nzima," akasema polepole. "Geuza kichwa unitazame."

Nyundo akageuka mwili mzima.

"Nimesema kichwa."

"Hakigeuki."

"Tangu lini?"

"Tangu ile pikapu."

Mama Futi akaketi kwenye kiti cha cherehani. Futi ilimponyoka mkononi, hakuiokota.

"Nilikuita mara tatu."

"Nilisikia zote tatu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na kola shingoni, na mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Ningelalamika vipi kwa mtu niliyemuumiza?"

"Hukuniumiza wewe, ni ile pikapu," akasema. "Wewe uliniumiza baadaye."

Mashine ya jirani ilikuwa inaunguruma nyuma ya ukuta. Nyundo akaanza kusema kwamba sasa anajua, kwamba waanze upya, na Mama Futi akainua mkono kumzuia. Mwezi uliopita alikuwa amekubali posa. Aliyeposa ni mwalimu, mtu mtulivu, anahamishiwa mji mwingine na wataondoka pamoja. Akiitwa anageuka. Alilia wakati akiyasema hayo, lakini aliyasema mpaka mwisho, na Nyundo alimjua vya kutosha kujua kwamba kitambaa alichokwisha kukikata hakirudishi dukani.

Kisha akajifuta uso, akachukua simu, akapiga chumba cha mazoezi. Alimwekea nafasi kesho yake saa tatu.

Mtaalamu wa huko alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya mkandaji wa unga. Alianza kwa kumtuma kwa daktari apigwe picha, na picha iliporudi salama akamkanda, akampima, akamgombeza.

"Ungekuja wiki ya kwanza au ya pili, tungemaliza kwa miezi miwili. Sasa misuli imezoea kupinda. Tutahangaika mwaka, baba, na siahidi yote."

Alimpa zoezi la kila siku. Asimame, miguu na mabega vitulie, ageuze shingo peke yake mpaka inapogoma, aweke alama ya chaki ukutani mahali macho yanapoishia. Mwili usimsaidie. Mwili ukisaidia, shingo haitajifunza kamwe.

Wiki ya tisa, alama zilikuwa sita kwenye ukuta wa gereji, kila moja mbele ya mwenzake kwa upana wa kidole. Siku hiyo Mama Futi alileta koti mwenyewe. Alimvika, akaivuta kola, akapitisha kiganja begani.

"Nimeweka pedi upande wa kulia ili yalingane, watu wasione," akasema. "Nimeishikiza kwa nyuzi tatu tu. Bega likishuka, zikate."

"Mnaondoka lini?"

"Kesho." Akamwangalia. "Nipigie kimoja cha kwangu."

Nyundo akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto. Safari hii uliweza kuiinua. Akagonga bati lisilo na kasoro, mara moja, taratibu. Mama Futi akaitikia kwa kichwa, akapita kando yake kuelekea lango lililokuwa nyuma.

Nyundo akatuliza miguu, akatuliza mabega, akamfuata kwa shingo. Alimwona akipita kwenye alama ya kwanza, ya tatu, ya sita. Akaivuta shingo mbele ya chaki mpaka machozi yakamtoka, akapata hatua zake mbili zaidi. Kisha shingo ikagoma. Angeweza kugeuza mwili wote amwone mpaka langoni. Alisimama vile vile, akisikiliza viatu vya Mama Futi vikienda.