Shina la Pili Kule Mahameni

Mwaka 1974 tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mgori, nyumba zimepangwa mstari mmoja. Trekta la kijiji lilikuwa linakuja kulima mahame yetu, kule tulikohamishwa. Mke wangu Martha, mimba ya miezi minane, akaniomba kitu kimoja tu: nikayapige picha maua aliyoyapanda kwenye kaburi la mtoto wetu wa kwanza, kabla hayajafukiwa.

Kaburi lenyewe sikuwahi kuliona. Kwetu mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa na wanawake, baba haonyeshwi. Martha akanielekeza: nyuma ya zizi, maua mekundu, shina moja.

Nilifika jua linazama. Kamera yangu ni ya zile za kuinamia kioo kwa juu. Kazi nilijifundisha mwenyewe, na wateja wanaijua kanuni yangu: sifuti kovu, sipambi mtu. Nikainama...

Mashina mawili.

Na bibi kizee, amenipa mgongo, anapalilia. Jembe linagonga udongo... tk... tk... Harufu ya maziwa yaliyochacha.

Nikampa shikamoo. Akaendelea kupalilia. Mwanga unakwisha, hasira zikanipanda, nikamwambia asogee, ananizibia.

"Piga yote," akanong'ona. "Yote ya kwenu."

"Sisi tulizika mmoja."

"Mlionyeshwa mmoja."

Nikabonyeza. Kuinua macho, hayupo. Udongo mkavu, hauna hata alama ya jembe.

Kesho yake nikasafisha filamu. Bibi hakutoka. Mashina yalitoka mawili. Mwingine angechukua mkasi akakata nusu. Mimi na ukweli wangu nikampa Martha picha nzima, na maneno yote ya yule bibi.

Aliitazama mpaka uji ukaungua.

"Labda walikuwa pacha, mkunga akanificha mmoja," akasema. "Au..."

Akashika tumbo. Mkunga Redempta alikuwa ameshakufa. Wa kumuuliza hakuna.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Martha akakataa kumpa jina mpaka nikafukue shina la pili, nione kama pana mtu. Nilikwenda. Trekta lilikuwa limegeuza kila kitu. Niliporudi akaniambia polepole, "Ungekuwa na huruma ungenidanganya." Tangu hapo hatuzungumzi zaidi ya chumvi na kuni.

Mtoto sasa ana miaka mitatu. Tunamwita "wewe". Jirani yetu Fabiano hunitania: mpiga picha, huyo mwanao bado hajatoka kwenye dawa ya kusafishia filamu? Siku moja nitamvunja meno.

Jana jioni nikamsikia mtoto nje akiitika, "Abee." Martha alikuwa kisimani. Mimi sikuita.

"Nani amekuita?"

"Bibi."

"Amekuitaje?"

Akanitajia. Jina la kawaida tu, la kikwetu. Leo asubuhi nimelijaribu, kwa sauti ndogo, akiwa amenipa mgongo.

Akageuka.

Martha sijamwambia.