Usiutoe Huo Mnara

"Mnara uwe wa kwanza, mdogo wangu. Usiniwekee makumbusho siku ya kwanza, nitasinzia mbele za watu."

Nikacheka. Mteja huyu nilimpenda tangu alipovuta kiti. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, sare bado mwilini, ametoka zamu moja kwa moja. Alitandaza picha za vivutio mezani kwangu, anachambua kama mtu aliyeingia dukani kununua vitambaa.

"Na hili daraja la kuning'inia, dada?"

"Daraja lazima! Nani anajua kama tutakwenda tena nchi za watu?"

Kazi yangu ndiyo hiyo, kuwachagulia watu mambo ya kuona wakienda likizo nje. Ndege yenyewe sijawahi kupanda, lakini ofisini wananiita Ramani. Tawi lile nilikuwa nimehamishiwa juzi tu. Hata mchumba wangu sikuwa nimemwambia, maana alikuwa safarini kikazi, na akisafiri simu yake haipatikani. Jumapili wazee wake walikuwa waje kwetu kuleta posa. Mama yangu alikuwa hashikiki kwa furaha.

"Unasafiri na nani, dada?"

"Na Baba Pacha wangu. Miaka tisa ya ndoa, hatujawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda msibani!" Akacheka mwenyewe. "Hajui kitu. Nataka nimshtukize. Pasipoti yake nimeiiba kabatini."

Akanipa. Nikaifungua ninakili jina.

Aliyekuwa kwenye picha ni mchumba wangu.

Moyo ulinilipuka paa! Nikasoma jina. Nikalirudia. Lake. Kovu juu ya nyusi, lake.

"Vipi, mdogo wangu? Picha yake imekutisha? Ana kwa ana ana unafuu kidogo."

"Hapana, dada. Ni... ni mzuri tu."

Bosi alikuwa meza ya nyuma, masikio yake kwangu. Nilie niseme nimepatwa na nini? Nikajikaza kisabuni, nikaendelea kuandika, ingawa herufi nilikuwa sizioni.

"Sasa huo mnara," akaendelea masikini, "wanasema kule juu sakafu ni ya kioo, unaona magari yanapita chini ya miguu yako. Nataka tupigwe picha palepale, mimi na yeye tumeshikana."

"Pale hawezi," nikasema. "Huyu akifika ghorofa ya tatu tu miguu inamtetemeka. Atashushwa kwa machela."

Yalinitoka yenyewe. Ni mazoea ya kazi. Kabla sijampangia mtu mahali huwa naangalia magoti yake, kifua chake, woga wake, na mdomo unatangulia. Na woga wa huyu niliujua vizuri mno. Siku moja tulipanda juu ya paa la hoteli, akanikumbatia kiuno akalia kama mtoto. Akaniambia hajawahi kumwambia mtu yeyote duniani. Siku ile ndipo nilipompenda moja kwa moja, mjinga mimi.

Muuguzi aliweka picha chini.

"Umejuaje?"

"Nimekisia tu, dada. Wanaume wengi huwa..."

"Mtu hakisii mpaka ghorofa."

Macho yakamhama, nikaona anahesabu mambo ya nyumbani kwake.

"Balbu za nyumba nzima nabadilisha mimi," akasema polepole. "Antena ikigeuka, anaita jirani. Nilidhani uvivu. Namtukana kila siku kwamba ni mvivu." Sauti ikapungua. "Kumbe anaogopa? Na kwa nini hakuniambia mimi?"

Laiti ardhi ingepasuka nikaingia. Hakuuliza mimi ni nani. Aliuliza kwa nini si yeye, na hilo ndilo lililonimaliza.

Akachukua simu yake, akaiweka mezani, akafungua sauti.

"Baba Pacha, uko wapi?"

"Nyumbani, mke wangu. Nimejilaza."

Sauti ileile! Mtu aliyeniaga anakwenda mkoani, kumbe ana laini nyingine nisiyoijua, na amejilaza kwa mkewe.

"Njoo unifuate mjini. Jengo la benki, ghorofa ya kwanza, kuna ofisi ya safari."

"Ofisi ya safari? Kuna nini?"

"Njoo tu."

Akaja. Angejua nimehamia hapo, asingethubutu. Aliingia anatabasamu, funguo za gari zinazunguka kidoleni, mara akaniona. Tabasamu likamfia usoni.

"Kaa," mkewe akamwambia. "Nilitaka kukupeleka likizo ng'ambo, tukaone mnara. Huyu dada anasema hupandi, unaogopa. Unamfahamu?"

Akanitazama. Mungu ananiona, kuna kipande cha moyo wangu kilikuwa kinaomba aseme ndiyo. Aseme tu ndiyo, hata kama nitafukuzwa kazi, hata kama nitapigwa kofi mbele ya bosi.

"Hapana," akasema. "Simfahamu. Ndio kwanza namwona."

"Na wewe, mdogo wangu?"

"Hapana, dada. Simfahamu."

Ndivyo nilivyosema! Angekiri, ningekiri. Alikana, nami nikamfuata, kama nilivyozoea kumfuata kwa kila kitu.

"Vizuri," mkewe akasema. "Basi huogopi."

"Mimi? Mwanamume mzima niogope ngazi?"

"Haya. Mdogo wangu, tuwekee mnara. Tukae juu ya kioo mpaka nichoke. Na daraja tulipite kwenda na kurudi."

Mumewe akazificha funguo kiganjani. Jasho lilikuwa limeshamjaa juu ya mdomo. Macho yake yakanililia niseme kitu, nitafute kisingizio. Nikaandika mnara. Nikaandika daraja. Nikawapigia chapa ratiba yao, nikawaambia karibuni tena.

Alasiri simu yangu ikalia. Ujumbe wake:

"Mpenzi najua nimekukosea, nitakueleza yote. Ila kwanza naomba unitolee mnara na daraja kwenye ile ratiba. Sema vimefungwa, vinafanyiwa matengenezo. Wewe ndiye unayenijua."

Hakuna pole. Hakuna Jumapili. Mnara tu.

Na niseme ukweli hata kama mtanicheka, nilifungua ile ratiba. Nilikuwa nimeshapata bustani moja ya maua, tambarare, haina hata kilima, nikawa najiambia huko atatulia. Mtu amenikana mchana kweupe, nami nahangaika asipate kizunguzungu! Mapenzi haya yalaaniwe.

Simu ya ofisi ikaita. Alikuwa muuguzi.

"Ameshakuomba uutoe?"

Nikaitazama ile bustani ya maua kwenye kompyuta.

"Niambie, mdogo wangu. Nimeuweka makusudi. Nilijua hatalala mpaka amtafute wa kumuokoa."

"Dada, mimi..."

"Namba niliyopiga ni ya ofisi yenu, na karatasi iliyoandikwa namba hii ninayo mimi kwenye mkoba. Kama amekuandikia, namba yako kaipata wapi mtu asiyekufahamu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimechoka kuitembea.

"Ndiyo, dada. Ameniandikia."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Aliniambia hajaoa. Sikujua, dada, nakuapia. Jumapili wazee wake wanakuja kwetu kuleta posa."

"Wazee gani?"

"Baba yake na mama yake."

Nilidhani amekata.

"Mdogo wangu," akasema, na sasa analia, "baba yake alikufa kabla sijaolewa. Mama yake nimemuuguza mwenyewe kwenye kitanda cha sebuleni kwangu mpaka akakata roho. Hao wanaokuja kwenu ni kina nani?"

Nikakaa chini, palepale nyuma ya meza, mkonga wa simu sikioni. Bosi akaja mbio, akaniona, akarudi taratibu.

"Nisamehe, dada."

"Sina cha kukusamehe. Ungekuwa unajua ana mke, usingeropoka woga wake mbele yangu." Nyuma yake nikasikia watoto wawili wanagombania kitu, naye akawanyamazisha kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akarudi kwangu analia. "Mimi nifanye nini, niambie? Wewe si ndiye unayewapangia watu?"

"Sijui, dada. Niifute safari?"

"Sijui. Hawa pacha wana miaka sita, wanampenda baba yao. Sijui, mdogo wangu." Akapenga kamasi. "Ila usiutoe huo mnara. Acha kwanza alale nao kichwani."

Akakata. Nikaufunga ule ukurasa wa ratiba kama ulivyokuwa. Ule ujumbe sikuujibu, ila sikuufuta pia. Niliusoma njia nzima kurudi nyumbani.

Nyumbani nilimkuta Mama amepanda juu ya stuli, kitambaa kichwani, anapaka ukuta wa sebule rangi ya maziwa. Alikuwa anaimba.

"Umewahi leo! Hebu niambie, wageni wetu wa Jumapili watakuwa wangapi? Nataka nikaazime viti mapema, nisije nikaaibika."

"Mama, shuka kwanza."

"Nishuke nini, rangi itakauka vibaya. Sema tu. Wameahirisha?"

"Hawaji, Mama."

"Hawaji Jumapili?"

"Hawapo. Baba yake hayupo, mama yake hayupo, wote walishakufa. Na yeye ana mke, Mama, ana watoto mapacha. Nimemwona mkewe leo. Ni mtu mzuri kuliko mimi."

Mama alishuka. Aliweka brashi juu ya mkebe, akanivuta kifuani na mikono yake ile ile yenye rangi, nami nikalia mpaka sauti ikakauka.