Kimya cha Shimo la Tisa

Gunia lilipasuka pale penye watu wengi kuliko pote, kwenye ngazi ambako mitumbwi ya Yanonge hushusha samaki, na mipira ya gofu ikateremka ikirukaruka hadi majini. Wamama wa samaki wakapiga kelele. Walikuwa hawajaona mayai yanayoruka. Mmoja akaapa ni ya mamba mweupe. Kabla mwenye gunia hajashuka kuyaokoa, mawili yalikuwa yameshauzwa, na inasemekana aliyeyanunua anayachemsha mpaka leo.

Mwenye gunia alikuwa Pélagie Kasongo, msichana wa Mangobo, mwanafunzi wa chuo kikuu, amevaa kikwembe cha kijani kilichomkaa kiunoni kama kilishonwa huku amekivaa.

"Mayai ya nani haya?" kijana mmoja aliuliza kutoka mtumbwini, kikapu chake kimejaa mipira aliyoiokota majini. Kifua wazi, meno meupe, shati amelifunga kichwani.

"Si mayai, ni mipira. Nirudishie."

"Mipira ya kucheza na nani? Na panya?"

"Na watoto, kule gofu ya Tshopo. Mi iko stagiaire, chuo kimenituma kujifunza kazi. Likizo hii yote naongoza mashindano yao."

"Bon. Mutoto wa kwanza njo mimi. Naitwa Constant."

Pélagie akaangalia huku na huku. Miaka ile chama tawala kilikuwa kimepiga marufuku majina ya ubatizo. Mbele za watu mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi, na jina la mababu, basi.

"Utafungwa wewe na jina lako."

"Waje kunikamata katikati ya mto. Na lako la kanisani?"

Akamnong'oneza. Tangu hapo, Pélagie wa nyumbani kwao akawa na mahali pengine pa kuitwa hivyo.

Julai ikapita, Agosti ikaingia. Asubuhi Pélagie alikuwa Citoyenne Kasongo: anakata fimbo za wakubwa ziwafae wadogo, anachomeka bendera, anafukuza mbuzi. Mtoto mmoja alipiga mpira ukavuka mto Tshopo ukaua kanga ng'ambo, na mwenye kanga akaja kudai kanga na mpira pia. Lakini sheria ya kwanza aliwafunza wote, tena kwa ukali: mwenzako akiinamia mpira, unanyamaza. Hata nyuki akikuuma, unanyamaza. Mkono wa Citoyenne ukiinuka, hakuna anayekohoa. Watu wanadai hata wale mbuzi walijifunza kuzuia pumzi.

Simu ya klabu ya gofu ilikaa mezani kwa Président wa klabu, bwana mzito wa abacost, ile suti ya chama isiyo na tai, ya rangi ya udongo. Constant alipiga kutoka dukani bandarini.

"Cheri, umekula?"

"Ndiyo, Citoyen. Tumepokea."

"Citoyen wa wapi? Mi njo Constant yako!"

"Tutashughulikia, Citoyen. Asante kwa ushirikiano."

"Président iko hapo?"

"Kabisa."

"Basi mwambie nakupenda."

"Nitamfikishia salamu," alisema Pélagie, akakata, akaenda nyuma ya jengo kucheka peke yake.

Mwanzoni wote wawili walicheka. Baadaye akabaki Pélagie tu anayecheka. Jumapili moja walikaa kwenye mawe karibu na maporomoko, wakila ndizi za kuchoma. Pélagie alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya mikono mipana, na Constant aliitazama kwa muda mrefu bila utani.

"Meli ya Kinshasa inaondoka siku ya fainali yako, jioni," alisema. "Wamenipa kazi ndani. Kazi nzuri."

"Utaenda?"

"Inategemea na wewe. Nitakuja fainali. Nitaleta samaki wa heshima kwa mukubwa wako. Wewe useme tu mbele yao: huyu ni mutu wangu. Ukisema, meli iende bila mimi, na kesho yake natuma tonton aende kuposa kwa papa yako."

"Na nikisema hapa, hapa hapa?"

"Hapa watakusikia samaki tu. Samaki wananijua tayari."

Pélagie akambana mkono. "Nitasema. Naapa, mon cher."

Siku ya fainali viti viliwekwa pembeni ya shimo la tisa. Wakubwa wa chama walikuja na beji vifuani, wake zao na vitenge vipya vilivyokuwa bado vinanuka duka. Kombe lilibaki kati ya watoto wawili, na Angélique, binti mdogo wa mwosha sahani wa klabu, akiuingiza mpira wake, ni lake. Akainama. Mkono wa Pélagie ukainuka. Kimya, isipokuwa maji ya Tshopo.

"Pélagie!"

Constant alikuwa anavuka majani, shati jeupe limepigwa pasi, amebeba samaki kapiteni mkubwa kama mtoto mchanga. Hakujua sheria; nani angemwambia? Aliona tu mkono ule, kiganja kimemwelekea yeye, na uso wa Pélagie umekauka. Akasimama.

Mpira ukatingishika ukingoni, ukaingia. Watu wakapiga makofi, Angélique akabebwa juu juu. Kila mtu alikuwa huru kusema. Na mkono wa Pélagie ulikuwa bado uko juu.

Mke wa Président akageuka. "Citoyenne, huyu ni wa samaki? Apeleke jikoni basi, samaki apikwe kwenye majani."

Lilikuwa neno moja la kusema. Pélagie alimtazama Président, ambaye kesho angekiandikia chuo habari za stage yake. Akatazama zile beji. Akalisikia jina lake lililokatazwa bado linaelea hewani. Akaushusha mkono. Constant alimngoja kidogo. Kisha akasema kwa adabu, "Ndiyo, mama," akapeleka samaki jikoni.

Hotuba zilikuwa ndefu. Citoyenne Kasongo alisifiwa, stage ikatangazwa imefungwa, makofi. Liboke ya yule samaki ikaletwa, majani yakafunuliwa, mvuke ukapanda, na mke wa Président akalamba vidole.

"Huyu muuzaji umemtoa wapi, Citoyenne?"

Pélagie akainuka. Alipanda nyuma ya camionnette ya bia iliyokuwa inarudi mjini, kilemba kikapeperuka njiani, hakugeuka.

Bandarini, Constant alikuwa tayari kwenye sitaha ya meli, karibu na ubao wa kupandia.

"Constant! Ilikuwa sheria ya mchezo! Mutoto alikuwa anapiga, hakuna anayesema!"

"Nimeelewa. Watoto wale walinieleza nje." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Na mpira ulipoingia?"

Pélagie akageukia umati wa abiria, wachuuzi na wamama wa samaki, akapaza sauti mpaka ikakatika: "Sikieni wote! Huyu Constant ni mutu wangu! Wangu!"

Umati ukashangilia, mama mmoja akapiga vigelegele. Constant akatabasamu, macho yamemjaa.

"Asante, Pélagie. Umesema mbele ya watu wangu. Mi niliomba mbele ya watu wako."

"Basi shuka! Kesho nitawaambia, naapa!"

"Kesho stage yako imekwisha, cheri. Utamwambia nani?"

Pélagie akaiwaza klabu. Président alikuwa anarudi nyumbani na mke wake, viti vinakunjwa, bendera zinang'olewa, watoto wanaenda kushonewa nguo za shule. Alimtafuta akilini mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kesho angesimama mbele yake kama leo. Ubao ukavutwa. Alikuwa bado anamtafuta wakati honi ilipolia.