Kasoro ya Gari la Maji

Newala mtu akikuibia kuku utamsamehe, akikuibia mke mtazungumza, lakini akikuibia maji ni afadhali ahame. Maji yako chini bondeni, na njia ya kuyafuata ni mteremko ambao hata mbuzi huushuka akipiga dua. Kwa hiyo asubuhi ile Zena alipofunua mtungi akaukuta mkavu, hakuuliza swali la kistaarabu.

"Nani amekunywa maji yangu?"

Mumewe Nurdini, mchuuzi wa mpira wa msituni na mtu wa maneno mengi, alijibu akiwa bado kitandani kwamba labda mtungi una ufa. Zena akaugonga. Ukalia ngo, mzima. Akapapasa sakafu: vumbi tupu. Binti yao Siti, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oa meno ya mbele, akasema kwa ule utulivu wa watoto wanaposema mambo mabaya:

"Ni yule wa kwenye gari. Nimemsikia akimeza."

Gari lilikuwa uani. Zamani lilikuwa la serikali ya Wadachi. Mwaka wa vita vya Maji Maji lilipandisha maji kutoka bondeni kwenda bomani: magurudumu manne yenye vyuma, mbao nene, matao juu ya kutandazia turubai. Nyumbu waliolivuta, wale wazao wa punda na farasi, walikufa kwa mbung'o, wakafungwa wafungwa mahali pao, minyororo shingoni, wakavuta maji wasiyoruhusiwa kuonja. Vita vilipokwisha gari likastaafishwa bila hata ahsante, na Nurdini akalinunua kwa bei ya kuokota, akijiona mjanja. Alitaka kubebea mpira. Vibarua wake walilivuta siku moja, wakaliacha njiani wakisema kuna kitu kinawalamba jasho shingoni. Tangu hapo lilikaa uani likichipua kutu, na mwenyewe akiliita mali. Wengi wetu tuna mali ya namna hiyo nyumbani, tena wengine tumeioa.

Nurdini alimcheka mtoto. Lakini adhuhuri, saa ambayo kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake, alipita ubavuni mwa gari akasikia gu, gu, gu, kama koo la mtu mwenye kiu ya muda mrefu. Akanusa chuma kilichoroa, na pumzi chachu ya kinywa kilichofunga kwa siku nyingi. Ndani ya gari hamkuwa na mtu. Mbao zilikuwa kavu. Aliporudi chumbani, mtungi alioujaza Zena saa ile ile ulikuwa mtupu.

"Liuze," Zena akamnong'oneza. "Leo."

"Nani atanunua?"

"Wewe uliponunua uliulizwa kama una akili?"

Mnunuzi alikuja mwenyewe. Alikuwa Mwalimu Bartholomayo wa Lulindi, mtu mnene mwenye kicheko, aliyezunguka vijiji kufundisha dini. Aliongozana na mkewe Mabel, mtoto wao Cuthbert mgongoni, na mbuzi wanne kwenye kamba. Alilizunguka gari, akapanda, akalala chali ndani yake na viatu vyake.

"Linanitosha! Hapa kitanda cha watu wawili. Hapa rafu ya vitabu. Kule nyuma jiko, halafu pazia, Mama Cuthbert apate faragha."

"Mwalimu, hiyo sasa ni nyumba," alisema Nurdini.

"Nyumba inayotembea! Nimechoka kulala kwa watu, Baba Siti. Kunguni wa Tandahimba wananijua kwa jina la ubatizo."

Wachuuzi wa Newala walikuwa na desturi moja ambayo hata tapeli aliiheshimu. Muuzaji huweka kiganja juu ya kitu na kutaja kasoro yake mbele ya shahidi: mbuzi huyu anakohoa, jembe hili lina ufa. Mnunuzi akijibu "Nimekubali nayo," mali na kasoro vimehama pamoja. Kasoro ikifichwa, hakuna kilichouzwa, hata kama kamba ya mbuzi wa malipo imekwisha kubadili mikono.

Nurdini akaweka kiganja juu ya ubao. Ulikuwa baridi katikati ya jua. Zena alikuwa mlangoni akimtazama, na Siti nyuma ya kanga yake.

"Kasoro yake," akasema, "ni gurudumu la nyuma. Linalia."

"Hata mimi nalia nikipanda mlima," akacheka Bartholomayo. "Nimekubali nalo!"

Akamkabidhi kamba ya wale mbuzi wanne, na vijana wa Lulindi wakaliteremsha gari, gurudumu likilia njia nzima mpaka sauti ikapotea bondeni.

Usiku huo walilala kama watu waliokwisha kuzika. Asubuhi mtungi ulikuwa mtupu.

 Zena alichukua ndoo akashuka bondeni, akarudi adhuhuri na uchungu wa shingo, akamimina, akakaa juu ya kifuniko cha mtungi kama kuku juu ya mayai. Ndipo wote watatu wakasikia gurudumu. Lilikuwa likilia nje, nyuma ya nyumba, polepole, kama kitu kizito kinachovutwa na watu waliochoka. Nurdini akatoka mbio na panga. Uani palikuwa peupe, pasipo gari wala kuku, ila juu ya vumbi palikuwa na mistari miwili ya vyuma vya magurudumu iliyoizunguka nyumba duara zima. Siku ya pili mistari ilikuwa imesogea karibu na ukuta. Majirani walipoiona waliacha kuja kuazima moto, na Mama Dastani wa nyumba ya jirani akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mtu akifuga kitu chake akifungie kwake.

Kisha kiu ikamshika Siti. Alianza kwa kuomba kikombe, akaomba kingine, akaomba kata nzima, akanywa mpaka maji yakamwagika kifuani na bado midomo yake ikapasuka kama udongo wa kiangazi, na kila alipomeza ile sauti ya gu, gu, gu ilitoka nyuma yake na si kooni mwake, ikichelewa kidogo, kama kuna mwingine aliyekaa mgongoni pake akipokea kila tone kabla halijamfikia tumboni, na Zena alipompakata usiku kucha alihisi uzito wa watoto wawili mapajani, mmoja wa moto na mmoja wa baridi, asithubutu kunyoosha mkono nyuma ya mwanawe kujua huyo wa pili ana uso au hana.

Alfajiri Nurdini akamfuata Bi Sophia, mganga wa Kitangari, mwanamke mwenye ulimi uliofukuza waume watatu na majini yasiyohesabika. Bi Sophia alifukiza ubani, akaandika kombe kwenye sahani, akalisuuza kwa maji, akamnywesha mtoto. Kombe likanyweka, pamoja na wino wake. Kisha sahani ikalambwa, mbele ya macho yao, na Siti kichwa chake kiko ukutani.

"Shikamoo, Bi Sophia," sauti ikatoka kinywani mwa mtoto. Ilikuwa ya kiume na kavu.

"Marahaba. Umefuata nini kwa watu?"

"Sikufuata. Nilikuwa chemchemini kwangu. Wadachi wakanichota na maji yangu, wakanitia pipani, wakanipandisha, wakanifunga katika mbao zao. Hakuna aliyeniuliza."

"Gari limeuzwa. Ondoka na gari."

Siti akacheka. Pengo la meno yake lilikuwa jeusi.

"Limeuzwa? Muulize baba yangu alitaja nini."

Bi Sophia akamgeukia Nurdini. Hakuhitaji kuuliza mara mbili, jasho lilimtaja.

"Gurudumu," Nurdini akanong'ona. "Nilitaja gurudumu."

"Ndiyo maana!" Bi Sophia akampulizia moshi wa ubani usoni. "Hukuuza kitu, mpumbavu wewe. Gari bado lako, hata likiwa Lulindi, na jini humfuata mwenye mali. Anakokunywa mwenye mali ndiko linakokunywa. Jini lako linajua sheria kuliko wewe, nawe ndiye unayeswali mstari wa mbele."

"Nifanye nini, Bi?"

"Nenda ukaitaje kasoro. Akikubali nayo, limehama. Akikataa, ni lako. Na uende leo, mtoto huyu ananywewa."

Nurdini aliwakamata wale mbuzi wanne akashuka nao mteremko, mbio, jua likimchoma utosi. Njiani alipanga maneno. Angeitaja kasoro kwa mzaha, kati ya kicheko na kicheko. Bartholomayo alikuwa mtu wa kucheka, angekubali bila kufikiri. Ilikuwa hesabu nzuri. Mtu akiwa na mtoto anayekauka, hesabu zote mbaya huwa nzuri.

Gari lilikuwa chini ya kivuli kando ya njia ya Lulindi, na Nurdini karibu hakulitambua. Lilipakwa chokaa. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba cha watu wawili, rafu ya vitabu, jiko la udongo, na pazia la maua.

"Karibu nyumbani kwetu, Baba Siti!" Bartholomayo akamwita. "Mbona mbuzi wamerudi? Walikushinda tabia?"

Nurdini akaweka kiganja juu ya ubao.

"Mwalimu, nilisahau kasoro nyingine. Gari lina jini."

Bartholomayo akashika tumbo kwa kicheko. "Jini! Mama Cuthbert, umesikia? Na hukutuongezea bei! Basi na mimi mbele ya shahidi nasema—"

Mabel alikuwa amekaa kizingitini, Cuthbert mapajani, akimnywesha maji kwa kibuyu kidogo. Mtoto alimeza, akashika kidole cha mama yake, akamtazama Nurdini, akatabasamu kwa ufizi mtupu.

Neno moja tu lilibaki. Nurdini alilisikia likija, akilini akamwona Siti akinyanyuka kitandani mzima, na mkono wake ukaruka wenyewe ukamziba Mwalimu kinywa.

"Usikubali!" akapiga kelele. "Linanywa watoto! Binti yangu anakufa, Mwalimu, nilikuja kukuachia. Likatae! Sema umelikataa!"

Bartholomayo akaacha kucheka. Alimtazama mkewe. Mabel alikuwa amekwisha kuteremka, mtoto kifuani, miguu mitupu mavumbini.

"Nalikataa," akasema Mwalimu taratibu.

Kibuyu kilichoachwa kizingitini kikainama chenyewe. Gu, gu, gu. Hakuna tone lililofika chini.

Wote wakarudi nyuma isipokuwa Nurdini. Alikuwa amekaa mavumbini, kichwa mikononi, akiyarudia maneno ya Bi Sophia: humfuata mwenye mali.  Akainuka, akajifuta uso kwa kanzu.

"Mwalimu, kuwa shahidi wangu. Nyumba yangu ya Newala, shamba, mtungi na kila kilichomo, nimempa Zena na binti yake, leo, wala sina haki nacho tena. Sitatia mguu pale. Nimebakiwa na gari tu."

"Baba Siti," Mabel akanong'ona, "utaishi wapi?"

"Si mmeshanijengea?"

Bartholomayo alikwenda Newala mwenyewe na ujumbe, na tumbo lake lote lile, mlima ule. Aliporudi alisimama mbali na gari, kwenye nyasi, akaita kwa sauti ya chini kama anayeamsha mgonjwa.

"Siti amekunywa kikombe kimoja. Akakirudisha, akasema ameshiba."

"Mama yake je?"

"Amelia. Halafu amekutukana. Halafu amelia tena."

Nurdini akacheka, na kicheko kikamkaukia kooni. Mwalimu akaweka mtungi wa maji njiani, akaondoka haraka, asigeuke.

Jua lilipozama, Nurdini aliuingiza mtungi ndani, akafunga pazia la maua, akajinyoosha kwenye kile kitanda cha watu wawili, katikati, mikono kifuani. Alijaribu kusoma dua zote alizojua. Zilikuwa chache kuliko alivyokuwa akijigamba. Kamba za kitanda zikalia. Upande wa ukuta zikashuka taratibu, kama zinavyoshuka mtu mzito anapokaa ili avue viatu, na baridi ya chemchemi ikampanda ubavuni.

"Sogea," ikasema sauti.

Nurdini akasogea.